Mama Kombo, Aliyeuza Kuni Zisizopangika

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe aliyelima bustani ya mboga. Alizaliwa kabla ya siku zake, na mkunga akamwambia mama yake asijipe matumaini sana. Marehemu alipenda kuikumbusha habari hiyo kila alipopimwa uzito kliniki na muuguzi akaguna.

Alianza shule mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Hesabu alizipenda, kusoma kwa sauti hakukupenda. Siku za Ijumaa kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kuni za jiko la shule. Wenzake walileta zilizonyooka, naye, kwa sababu alichelewa kuamka, aliokota walizoziacha: panda, visiki na mafundo. Mpishi wa shule hakumfukuza. Alimwonyesha namna ya kuziegemeza, kipande kinene nyuma, panda chini, hewa ipite katikati. Sekondari hakwenda, kwani uwezo wa nyumbani ulitosha mtoto mmoja, akapelekwa kaka yake. Hakulalamika mbele za watu, ila kaka alipokosea kujumlisha alimtazama tu, na kaka akajua.

Mwaka 1970 aliajiriwa kufagia katika kiwanda cha kupasua mbao. Huko aliona matawi yaliyopinda, ncha na mabanzi yenye magome yakitupwa nyuma ya ukuta, akaomba ruhusa ya kuyachukua. Aliyauza nyumbani kwao, mlango wa uani ukiwa wazi tangu asubuhi. Kuni zake hazikufungika mzigo wala hazikupangika, kwa hiyo aliziuza kwa fungu, na mteja aliyechaguachagua sana aliambiwa, "Chagua usichague, zote zinaungua." Mtaa ukamwita Mama Kombo. Wageni walidhani Kombo ni mwanawe, wakauliza anaendeleaje, naye akawajibu bila kucheka kwamba bado hajanyooka.

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na fundi seremala aliyekuwa akija kiwandani kununua mbao. Uchumba wao haukuhitaji mshenga wa kueleza mengi. Fundi mwenye maranda tele kwenye karakana yake alikuwa akipita kila jioni kununua kuni, na wazazi wa binti wakaelewa. Walijaliwa watoto watatu. Mume alikuwa mpole na mzito wa kusema. Marehemu alisema mengi, isipokuwa pale alipoumia. Hapo alinyamaza kama maji mtungini.

Mwaka 1986 mama mkwe alianguka akaumia nyonga, akaja kuishi nao. Wanawake wawili, jiko moja. Mkwe alisema chakula kinanuka moshi na kuni zimepinda kama mwenye nazo. Marehemu naye alisema mwenye pua kali ahamie sebuleni. Siku moja walitupiana maneno kwa ajili ya chumvi, na tangu hapo wakawa wanazungumza kupitia kwa watoto. "Mwambie bibi yako chai iko tayari," marehemu alisema, na bibi amekaa pale pale. "Mwambie mama yako nimesikia," bibi akajibu.

Ilikuwa katika juma hilo, msimu wa mvua wa mwaka 1988, alipokuja mwanamke aliyewapikia wajenzi. Alitaka gogo moja nene la kushika moto siku nzima. Nyuma ya rundo, ukutani, palikuwa na gogo lililopinda vizuri kama mgongo wa paka. Halikuwa na alama yoyote. Marehemu akaliuza.

Jioni mume alirudi na msumeno aliokuwa ameupeleka kunolewa. Alichungulia nyuma ya rundo.

"Lile gogo lililokuwa hapa?"

"Nimeliuza."

"Aa," mume akasema, akautundika msumeno.

Mama mkwe ndiye aliyesema, kutoka chumbani, na safari hii hakumtuma mtoto. "Kiti changu kimekwenda kupika uji wa watu." Hapo ndipo marehemu alipojua kwamba mumewe alikuwa analikausha gogo lile kivulini kwa miaka miwili, alipasue katikati apate miguu miwili inayopinda sawasawa ya kiti cha kubembea, mama yake akae bila kuumia nyonga. Pinde kama hizo ukizikata kwenye ubao ulionyooka huvunjika. Lilitakiwa lile.

Alipaswa kusema, "Sikujua." Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliona mkwe amekwisha kumhukumu, na mume hakumwuliza, akaona kujitetea ni kujidhalilisha. Gogo jingine lililofaa halikupatikana mapema, na lililopatikana lilikuwa bichi. Mama mkwe alifariki tarehe 2 Juni 1989 akiwa bado anakalia mito. Mtaani ikasemwa kwamba Mama Kombo alikichoma kiti cha mkwewe makusudi. Aliyasikia, akaendelea kuuza kuni.

Kuanzia hapo, kila alipopata kipande kinene kilichopinda vizuri hakukiweka kwenye fungu. Alikipeleka karakana na kukiacha mlangoni. Mume alisema asante na kukisukuma pembeni. Hakutengeneza kiti hata kimoja. Wakaishi hivyo, wakipendana kwa namna yao, wakiuguzana, wakiozesha watoto, na jambo lile halikutajwa mpaka mume alipofariki tarehe 19 Novemba 2009. Inauma kuyasema haya, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa fupi.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019. Daktari alimkataza moshi, akatii kwa kupika kwa gesi na kuendelea kuuza kuni. Tarehe 3 Februari mwaka huu alilazwa. Jumapili iliyofuata alimshika mkono binti yake mkubwa, akamwambia, "Baba yako alikufa akidhani nilifanya kusudi. Mimi sikujua, mwanangu." Binti alimpigia simu baba yake mdogo, dereva mstaafu, aliyekuwa msiri wa kaka yake. Mzee akasema, "Nakuja. Mwambie anisubiri."

Alifika Jumanne asubuhi. Sauti ya marehemu ilikuwa imekwisha kukatika tangu alfajiri na macho yamefumba. Mzee aliinama sikioni kwake. "Shemeji, kaka hakukudhania vibaya hata siku moja. Alijua hukujua, kwa sababu hakukwambia. Kosa alilihesabu lake, akaona haya. Na yale magogo uliyomwachia mlangoni, yeye alidhani unamsema." Binti alitoka nje kulia. Mzee alirudia maneno yale, polepole zaidi. Marehemu alifariki siku hiyo, tarehe 11 Februari, saa za mchana. Kama alisikia, familia haijui.

Ameacha watoto watatu, mshonaji, fundi bomba na mwalimu, wajukuu na vitukuu, kaka yake aliyesoma kwa niaba ya wote wawili, na shemeji yake. Ni huyo shemeji aliyeomba haya yasomwe hapa, mbele ya majirani, kwa kuwa uvumi ule ulipita mitaani kwa sauti na haufai kusahihishwa kwa kunong'ona. Hakujua. Mumewe alilijua hilo, akalinyamazia, naye mke akanyamazia la kwake.

Leo analazwa kando ya mumewe. Mungu amstareheshe mama yetu, na huko waliko, safari hii waambiane.