Kijinga Chini ya Majivu

Pale kijiweni karibu na stesheni ya Mpanda, mwaka ule sukari ilipoadimika, Yotham alikuwa na nafasi yake kwenye benchi na jina lake: Bwana Idhaa, maana habari zote zilipitia redio yake kwanza. Asubuhi hiyo vyote viwili vilikuwa hatarini. Alikuwa amesema kwamba huko mbali kuna nyota zinakufa kwa kulipuka nyuma ya vumbi zito, jicho halioni kitu, na wataalamu wanazisaka kwa joto lake. Wenzake wakamtaka akiri ni uongo, la sivyo ahame benchi. Yotham akakaa vizuri zaidi.

– Nyota isiyoonekana si nyota, alisema Alois wa relini, aliyeitwa Behewa kwa jinsi alivyolijaza benchi.

– Ipo! Vumbi limeifunika tu.

– Vumbi gani huko juu? Kuna barabara ya Ikola?

Ngolo, mfugaji wa Kasansa, akadakia:

– Vumbi la ng'ombe wa mbinguni hilo, wanarudi zizini.

– Nyie, hamjui! Behewa akasema. Mafuta ya taa yameadimika mpaka juu. Hazijalipuka, zimezimwa.

Yotham akaonyesha jiko la Nyanzala, muuza kahawa. Juu yalikuwa majivu matupu.

– Behewa, unaona moto hapo?

– Sioni.

– Sogeza mkono.

Behewa akausogeza, akaurudisha mbio huku akipuliza vidole.

– Chini kuna kijinga cha moto, Yotham akasema.

– Kijinga ni wewe! Behewa akasema.

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Yotham alikasirika kweli kweli.

– Chekeni! Vidole vyake vimeshakubali. Sihami!

Mama mmoja Mrundi, Séverine, aliyekuja na maharage yake kutoka makazi ya wakimbizi ya Mishamo, alikuwa amesimama akingoja kikombe. Akauliza kwa heshima:

– Baba, hao wataalamu wanaitafuta hata nyota ambayo hakuna aliyeiona ikifa?

– Ndiyo hiyo hasa, mama. Wana mashine.

– Mume wangu alichukuliwa na askari kwetu Burundi, mwaka wa sabini na mbili. Kila ninayemuuliza ananiambia hakuna aliyeona, basi ninyamaze. Sinyamazi. Mashine ya kumtafuta yeye iko wapi?

Behewa akatazama vidole vyake. Ngolo akavua kofia.

Bwana Idhaa akainuka, akapangusa nafasi yake kwa kiganja.

– Kaa hapa, mama.