Bibi Zama na Nyumba ya Mtia Rangi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha historia ya Zama za Kati, mwenzetu ambaye wanafunzi humwita Bibi Zama anastaafu rasmi siku ya mwisho ya mwezi huu. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu chumba changu kinapakana na chake, na kwa sababu, kama alivyosema karani wetu, wengine wote wanaogopa. Mimi nafundisha historia ya juzi na jana, ile ambayo wahusika wake bado wanaweza kunishtaki. Siamini mizimu. Naomba msomaji alikumbuke hilo anapoendelea.

Bibi Zama alizaliwa katika mji huu huu, kitindamimba wa fundi saa na mshonaji. Shule alisoma hapa, chuo akasoma hapa, na alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo alikwenda, akahitimu, akarudi mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni. Ameandika vitabu vitatu. Wanafunzi aliowafunza sasa ni walimu wa walimu, na wengine wao bado humwamkia kwa kuinuka hata wakiwa kwenye simu.

Wataalamu wengi hushika karne nzima. Yeye alishika mwaka mmoja, ule wa tauni, zaidi ya miaka mia sita iliyopita, mji ulipokuwa na ukuta na malango. Wakuu wa mji waliamuru nyumba yenye mgonjwa izibwe mlango kwa mawe, wazima na wagonjwa wakiwa humo humo. Mwandishi mmoja wa enzi hizo anaitaja nyumba ya mtia rangi nguo: baba alikwisha kufa, na ndani wakazibiwa watu watano, mama na watoto wake wanne. Anayasema hayo kwa sentensi moja, kisha anahamia habari za mavuno. Bibi Zama hakuhama.

Kila muhula aliwatoa wanafunzi hadi kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo letu, akachora kipande cha mji wa kale kwa chaki juu ya lami, kwa ukubwa wake halisi. Ukuta hapa, kichochoro pale, kisima, nyumba ya mtia rangi na karakana yake. Mwanafunzi aliyekatiza ukuta alipunguziwa alama, na rufaa haikuwepo. Hata mkuu wa kitivo, siku moja akikimbilia mkutano, alizuiwa na vijana wakamzungusha mpaka akapitia langoni kama mwungwana. Mvua ilipofuta chaki, Bibi Zama aliendelea kuzunguka kona zisizokuwepo, mkoba begani, nasi tukimtazama madirishani huku mbavu hatuna.

Dereva wa idara alicheka kuliko wote. Siku moja akaegesha gari makusudi ndani ya nyumba ya mtia rangi. Alasiri alipolirudia, alikuta kwenye kioo cha mlango alama za vidole vidogo, za buluu. Akalowesha kitambaa, akasugua, akasugua tena. Zilikuwa upande wa ndani. Gari lilikuwa limefungwa na funguo alikuwa nazo mfukoni. Tangu hapo huegesha barabarani mbele ya duka la dawa, mvua inyeshe, jua liwake.

Sasa nifike kwenye lile jambo lililomgharimu. Katika kitabu kilichotazamiwa kumpa uprofesa, Bibi Zama aliandika kwamba mdogo kuliko wote katika nyumba ile alikuwa msichana wa miaka kama sita, mwenye kikohozi kikavu. Hakuweka tanbihi. Kwetu sisi wanahistoria, kauli isiyo na tanbihi ni sawa na kuja kazini bila suruali. Mkuu wa idara wa wakati huo, mzee makini asiyesamehe hata koma, alimuuliza mbele ya jopo zima, "Mwalimu, hicho kikohozi umekitoa wapi?" Angesema amepitiwa, yangekwisha. Yeye akajibu, "Nimemsikia."

Uprofesa ukaota mbawa. Ukumbini ukazuka utani kwamba mtu akikosa chanzo cha madai yake, akohoe tu. Bibi Zama aliusikia na hakununa. Aliendelea kufundisha.

Tatizo langu mimi ni kwamba ukuta kati ya vyumba vyetu ni mwembamba. Mchana, yeye akiwa darasani na mlango wake umefungwa, nilikuwa nasikia mtu akikohoa. Kikohozi kikavu, cha mtoto, kikitokea chini ya sakafu upande wa dirisha. Nikasema ni mabomba. Fundi bomba akanionyesha kwamba mabomba ya jengo lile yamepita upande wa pili kabisa. Nikanunua redio.

Alipewa chumba kizuri ghorofani, chenye mwanga na zulia, akakikataa. Karani alipomuuliza kulikoni, alimjibu maneno ambayo karani hajayasahau: "Mwanangu, kila ninachofundisha kimekwisha, kasoro hiki kimoja. Sijui kama yule mtoto alitoka." Alijua kuliko yeyote kwamba nyumba zilizozibwa hazikutoa mtu. Alijua, na bado hakuweza kulala vizuri. Sisi tulidhani anapigania uprofesa, kumbe alikuwa akimpigania mtoto.

Mwaka jana waliletwa mafundi wa kuchimba mtaro wa maji machafu kwenye maegesho. Tingatinga liligonga ukuta mahali pale pale ambapo Bibi Zama alikuwa akikata kona miaka yote. Kazi ikasimamishwa, wachimbaji wa mambo ya kale wakaitwa, na baada ya muda wakaufikia mlango uliozibwa kwa mawe. Idara nzima ilitoka. Hata yule mzee aliyekuwa mkuu wetu alikuja na fimbo yake. Kiongozi wa wachimbaji akapanda kutoka shimoni, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba ndani mna mifupa ya watu wanne, mkubwa mmoja na wadogo watatu.

"Wanne!" mzee akasema. "Si nilisema? Hata hesabu hajui."

Bibi Zama aliketi juu ya rundo la udongo, akafunika uso kwa viganja, mabega yakimtetemeka. Karani akamkimbilia. "Basi mama, usilie. Wanne na watano si mbali." Alipoondoa mikono tukaona kwamba anacheka na machozi yanamtiririka. "Ametoka," akasema. "Jamani, ametoka!"

Chini ya ukuta wa karakana palikuwa na mfereji wa mawe wa kumwagia maji ya rangi, mwembamba, mabega ya mtu mzima hayapiti. Mawe yake ya ndani yalikuwa na mikwaruzo, yote ikielekea nje. Waliufuata mpaka ulipoishia, chini ya dirisha la Bibi Zama, ambako jiwe la msingi wa jengo letu lilikuwa limekalia tundu. Walipolisogeza jiwe, tundu lilikuwa tupu. Ila hewa baridi ilipita katikati yetu, kwa kimo cha kiuno hivi, na sote tuliokuwepo tulirudi nyuma kuipisha. Sijasikia kikohozi tena tangu siku ile. Redio nimempa mlinzi.

Uprofesa alipewa mwaka huo huo, kwa pendekezo la yule yule mzee, ambaye sasa haongei sana.

Siku hizi Bibi Zama hutoka kazini polepole, kwa hatua fupi, mkono wa kushoto umeteremka kidogo na vidole vimekunjwa. Mlinzi wa lango humuaga mara mbili. Nilimwambia aache ushirikina. Akaniuliza mbona mimi nikikutana na Profesa kwenye ngazi huacha nafasi ya watu wawili.

Kamati ilikusudia kumpa saa ya ukutani. Yeye akaomba, kwa adabu yake ile ile, kama haitakuwa usumbufu, apewe viatu vya mtoto, vya ngozi laini, vinavyofaa kwa mwendo mrefu. Hana mtoto wala mjukuu, na wapwa zake wote wana ndevu. Karani akamuuliza namba ya mguu. Bibi Zama aligeuka, akatazama chini ubavuni pake, akangoja kwa subira. Kisha akatutajia namba. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikwenda dukani na karani, na nakiri kwamba nilichagua kwa makini kuliko nilivyowahi kuwachagulia wanangu.

Profesa, ahsante kwa kazi yako na kwa ukaidi wako. Ukumbi utapwaya bila wewe, na mimi nitakukosa zaidi ya ninavyoweza kusema mbele za watu. Nenda salama, upumzike, maisha yawe mema kwako. Na wewe, mjukuu wetu, ambaye hukupewa nafasi ya kuyaishi yako, tunakutakia hayo hayo. Shika mkono wa bibi yako vizuri mnapovuka barabara.