Bia ya Kufunua Jiwe Imelala Frijini

Kijiwe chetu hapa Galeshewe ni benchi lililoegemea ukuta wa gereji ya Oteng. Ndani, hatua mbili tu, limesimama friji lake la kuchachushia bia. Sisi ni wale wale: Profesa, aliyefagia shule miaka thelathini akatoka na elimu yote, Dizeli, fundi mstaafu wa mashine za mgodini, na mimi, ninayewavumilia. Jumamosi ya wiki ijayo linafunuliwa jiwe la kaburi la mama yake Oteng. Mama yake mdogo, Mma Keneilwe, ameshatamka kwamba jiwe la dada yake halifunuliwi kwa bia ya dukani, maana marehemu alipikia mtaa mzima. Sasa bia imegoma. Asubuhi hiyo Oteng alitoka gerejini kashika kichwa.

— Imelala. Tangu juzi hakuna hata povu. Friji nimelitega nyuzi kumi na tisa, ndoo iko kumi na mbili. Hamira gani itafanya kazi kwenye baridi hiyo?

— Na huku nje thelathini na sita, akasema Dizeli. Huo ni umeme, bwana. Umeme wa mtaa huu asubuhi unakuja na hasira, friji linakimbia kama limefukuzwa.

Akainuka, akaingia gerejini, akarudi na katoni ya maziwa. Akatia kwenye kahawa yake, akairudisha.

— Umeme gani, akasema Profesa. Ni shimo la mgodi. Baridi ya chini kule inapanda kwenye sakafu inatafuta chuma. Friji ni chuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? akauliza Dizeli.

— Friji lina mvungu, halina?

— Profesa, nina siku tisa, akasema Oteng. Watu mia wanakuja. Mama yangu hakuwahi kumpa mgeni kikombe kitupu.

— Ndiyo maana nakwambia acha kuionja onja. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Profesa alikuwa anasema hivyo huku anaelekea gerejini na kikombe. Maziwa.

— Sijaionja, Rra, mzee wangu. Nimebadilisha hata kipimo, kile kinachowasha friji kikihisi joto. Waya wake wa kuhisi joto nimeuning'iniza pale kwenye mlango wa friji niuone vizuri.

— Basi ni marehemu, akasema Dizeli, sauti chini. Hajapenda shayiri. Yeye alikuwa mtu wa mtama. Kakaa humo ndani, anapuliza.

— Mpuuzi wewe, nikamwambia. Nilikuwa nimechoka nao kweli. Mtu analia na bia ya mama yake, ninyi mnamletea mizimu ya frijini.

Kahawa yangu ilikuwa nyeusi mno. Nikaenda kuipunguza makali. Nilipofunga mlango, friji likaanza kuunguruma.

— Hilo hapo, akasema Profesa. Sakafu inavuta.

Ndipo Mma Keneilwe akafika na beseni la magwinya, maandazi ya huku kwetu, shali begani, joto lote lile. Tukasimama. Oteng akammiminia kahawa, Dizeli akakimbilia ndani, akamletea maziwa. Friji likanguruma tena. Mama akanywa funda moja, akakitazama kikombe.

— Bia ya dada yangu inaendeleaje?

— Imepoa, mama mdogo. Hatujui kwa nini.

— Na haya maziwa ya baridi, mnayatoa wapi?

Profesa alianza kuchunguza viatu vyake. Oteng alitutazama mmoja mmoja, kisha akakitazama kikombe changu. Kilikuwa cha tatu, na saa nne haijafika.

Mama akaingia gerejini, akatoka na katoni, akamkabidhi Dizeli. Kisha akavuta kiti, akarudi nacho ndani, akakiweka mbele ya mlango wa friji, akakaa, akajifunga shali vizuri.

— Siku tisa, akasema. Kunyweni nyeusi.