Mwalimu Veneranda na Nne ya Mama Eufrasia

Mwalimu Veneranda Habonimana anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na saba. Kumi na minne ya mwanzo aliitumia Ilagala, na iliyobaki hapa kwetu Katubuka, karibu yote katika darasa la kwanza.

Alipohamia hapa alikuwa mkali wa kazi za nyumbani. Maswali kumi kila siku, uwe darasa la kwanza au la saba. Ijumaa ishirini. Daftari zilijaa mezani kwake hadi mgeni akiingia ofisini alisikia tu sauti ikimkaribisha, mwenyewe haonekani.

Machi 2011 akaja Mama Eufrasia, muuza dagaa wa Kibirizi, na daftari la binti yake Happiness kwapani. Alimwamkia Mwalimu kwa heshima zote, akaketi, akauliza kwa nini amepewa nne ya kumi. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba mtoto alikosea kutoa.

"Mwalimu, hii nne ni yangu," Mama Eufrasia akasema. "Mtoto alishalala."

Ofisi nzima tulicheka, na Mwalimu Veneranda alicheka kutupita. Mama Eufrasia hakucheka. Alieleza kwamba yeye aliishia darasa la tatu, na kwamba kila asubuhi Happiness huumwa tumbo, likapona saa ya shule ikishapita. Juzi alimkuta amejificha chini ya kitanda na sare yake.

"Ameanza kuichukia shule," akasema. "Na mimi ananiona mjinga."

Siku hiyo Mwalimu alizipitia upya daftari zote za darasa lake. Moja lilikuwa na miandiko mitatu: wa mama, wa shangazi, na mwingine ambao baadaye tuliambiwa ni wa fundi baiskeli wa jirani. Wa mtoto haukuwemo.

Kesho yake alimfuata Mwalimu Mkuu wa wakati huo, Mwalimu Dismasi, akamwambia kwamba wadogo waondolewe kazi za kuandika, wapewe za kusimulia na kutafuta vitu. Wa kati wapewe maswali machache ya kumalizika kabla ya kutumwa dukani. La saba ndio wakae chini nusu saa au zaidi, maana wao wanaweza kujisomea wenyewe. Mwalimu Dismasi aliona huo ni uvivu uliovaa miwani. Hata hivyo alimpa hadi Juni. Darasa likishuka katika kusoma, Mwalimu Veneranda angesahihisha daftari za shule nzima mwaka mzima.

Mwanzo haukuwa mzuri. Kazi ya kwanza ilikuwa kuleta kitu kinachoanza na herufi M. Mtoto mmoja alileta mgebuka mbichi, samaki wa ziwani, akauhifadhi vizuri kwenye dawati, akausahau Ijumaa. Jumatatu tulifundishia nje.

Happiness alipewa kazi ya kuomba hadithi kwa mama yake. Aliisimulia darasani kipindi kizima, akafika mahali akakwama, akasema itabidi akamuulize mama, maana mama ndiye anayejua. Tangu wiki ile tumbo halikumuuma tena.

Juni ilipofika, waliosoma sentensi bila kusaidiwa walikuwa hamsini kati ya sabini na wawili. Machi walikuwa thelathini na mmoja. Mwalimu Dismasi alimpongeza mbele yetu. Mwalimu Veneranda akakiri kwamba sehemu ya siri ni kuwa hakuwa tena na rundo la daftari, hivyo alipata muda wa kumsikiliza kila mtoto akisoma. Utaratibu ule ndio tunaoufuata mpaka leo.

Mwezi uliopita tulimpokea mwanachuo wa ualimu kwa mazoezi ya kufundisha katika darasa la kwanza. Ni Happiness. Mwalimu Veneranda aliketi dawati la nyuma, magoti yakimgusa kidevu, kalamu nyekundu mkononi, na kipindi kikaisha hajaandika kitu. Nilipomuuliza alionaje, alisema ameona mtu wa kumwachia chumba.

Asante, Mwalimu, kwa watoto na kwa sisi uliotufundisha kazi. Tunakuombea afya, wajukuu wenye hadithi ndefu, na jioni zisizo na hata daftari moja la kusahihisha.