Onesmus Mutisya Mbaluka, Mlezi wa Kibindo, 1971–2025

Ndugu, jamaa na majirani, familia imeomba msomewe kwa ufupi maisha ya Onesmus Mutisya Mbaluka, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika mtaa wa Makongeni, mtoto wa pili wa marehemu Julius Mbaluka, karani wa reli, na Mama Esther Wavinya, tuliye naye hapa.

Alisoma Makongeni kuanzia 1978 hadi 1985, kisha shule ya upili mjini Machakos hadi 1989, akaajiriwa ukarani katika ghala moja la Industrial Area, ambako alijifunza kompyuta kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuigusa. Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Beatrice Kanyiva, wakajaliwa Lorraine Wavinya na Peter Mbaluka.

Mwaka 2014 alijiunga na kamati ya kujitolea ya lugha ya kuandikia programu za kompyuta iitwayo Tungo, iliyokuwa ikiamua maktaba za lugha hiyo, zile sehemu zilizoandikwa tayari kwa matumizi ya wote, zifanye kazi na hifadhidata zipi, yaani programu za kutunzia kumbukumbu. Orodha ilikuwa na kumi na tisa, nyingi zikiwa zimeharibika kimyakimya, naye akashikilia kwamba kila moja iwe na mlezi aliyeandikwa jina, wa kuijaribu kila Jumamosi, na isiyo na mlezi itangazwe, kisha iondolewe baada ya siku tisini. Zilibaki nne. Ya nne, Kibindo, ilikuwa kongwe, ikitumiwa na zahanati ndogo zenye kompyuta chakavu, hakuna aliyeitaka, basi akaandika jina lake mwenyewe, na kwa miaka kumi, mezani pake nyumbani Tassia, hakukosa Jumamosi, hata ile ya harusi ya dada yake, ambaye hadi leo huitaja.

Figo zake zilishindwa kufanya kazi Agosti 2024. Februari iliyofuata, alipoomba jina lake lifutwe, mwenzake wa kamati Rose Kweyu alimsihi libaki, angalau kwa heshima, ili Kibindo isiondolewe. Akamjibu kwamba amechoka, na kwamba muuguzi wa zahanati akiliona atadhani bado kuna mtu anayeijaribu. Kweyu alilifuta tarehe 20, akilia. Mutisya alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025.

Kwa hiyo, kama alivyoagiza, wenye zahanati mlioko hapa mnatangaziwa kwamba Kibindo itaondolewa tarehe 21 Mei, mhamishe kumbukumbu za wagonjwa wenu mapema, na Kweyu, aliyesimama pale mlangoni, ameahidi kuwasaidia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani wa Tassia waliompeleka hospitalini kwa zamu, na wanakamati wenzake, ambao wengi hawakuwahi kumwona uso kwa uso.

Mutisya, kazi umeikabidhi. Pumzika kwa amani.