Hati za Nukta Karafuu

Assalaam alaykum. Hicho kipaza sauti kiondoeni, tafadhali. Sauti ninayo ya kutosha, na haya niliyokuja kuyasema sitaki yafike mpaka barabarani.

Katiba ya ushirika wetu wa akiba inasema mwanachama aliyesimamishwa akitaka kurudi, asimame mbele ya wenzake aeleze kilichomtoa. Katiba hiyo niliichapa mwenyewe nilipokuwa katibu wenu, na kifungu hicho nilikiona kizuri sana. Nilidhani kitawahusu wengine. Haya, leo nimesimama mie. Jina la mtu sitalitaja, na nyie kule nyuma msinong'onezane mkabahatisha. Anayejijua anajijua.

Wengi mnalikumbuka duka langu la Mlandege, la kuchapa na kutoa kopi. Nilichapa kadi za harusi, matangazo ya khitma, barua za kuombea kazi. Lakini kilichonipa heshima khasa ni hati za mauziano ya viwanja. Mtu akinunua kiwanja huja na muuzaji wake, kila mmoja na shahidi wake, wakakaa kwenye benchi langu, na mie nikaandika: fulani bin fulani amemuuzia fulani bin fulani, kwa ridhaa yake na akili zake timamu, kiwanja pamoja na mipaka yake yote, kusini kwa fulani, kaskazini kwa fulani, na hana wa kumghasi milele. Watu wakatia saini, asiyejua kuandika akatia dole gumba, kisha wakaipeleka kwa sheha wa mtaa ikagongwa muhuri. Maneno yale nikiyajua kama Alhamdu. Na ndugu zangu, nawaambia, mtu wetu akishasikia maneno yale moyo wake unatua. Babu yake aliyasikia, baba yake aliyasikia. Hana tena la kuuliza.

Na mie nilikuwa na sababu ya kuyaheshimu. Marehemu baba yangu aliuziwa kiwanja ambacho dalali alikwisha kumuuzia mtu mwengine. Alikwenda na fundi wake asubuhi kuanza msingi, akakuta msingi wa watu. Hakupata kiwanja, hakupata haki, na mpaka anaingia kaburini hakuacha kulisema jambo lile. Kwa hivyo madalali niliwachukia tangu mdogo.

Sasa nisikilizeni nilivyogeuka.

Nilikuwa nikijifunza kutengeneza tovuti kwa kutizama mafunzo kwenye simu. Huko nikakutana na watu wa nje, wenye maneno matamu, wakasema dunia sasa inauza na kununua kwa sarafu za mtandaoni, wenye kuziuza wanahitaji tovuti, na kila tovuti inahitaji jina. Nyote mnajua majina ya tovuti yana mkia: nukta kom, nukta nini. Wakasema zamani mkia huo walikuwa nao wakubwa tu, na jina ukilikodi kwa mwaka kama chumba. Sasa kwa ufundi uleule wa sarafu mtu yeyote anaweza kutengeneza mkia wake, akaumiliki, akauza majina yanayoishia na mkia huo. Aliyenunua jina ni lake moja kwa moja, linakaa kwenye simu yake, hapana wa kumnyang'anya.

Moja kwa moja. Hapana wa kumnyang'anya. Mnaona walivyonipata? Waliyasema maneno ya hati zangu bila ya kujua.

Nikalipa, nikatengeneza mkia. Nukta karafuu. Nilicheka peke yangu dukani kwa furaha. Nikawaandikia wenye tovuti za sarafu huko duniani, mmoja mmoja, kuwa nina mkia mzuri wenye harufu ya Unguja. Hapana aliyenunua, hata mmoja. Wengi hawakunijibu. Ndipo nikageuka nikawatizama watu wangu.

Hapa sitajitetea. Kwenye masharti ya wale watu iliandikwa, kwa herufi ndogo lakini iliandikwa, kwamba majina haya hayafunguki kwenye simu ya kawaida mpaka mwenye simu atie programu yao. Na kwamba kampuni nyengine inaweza kutengeneza mkia uleule, maana hapana daftari moja la dunia nzima. Wale walioniuzia wakidai wamekwisha kuomba kwenye chombo kinachosimamia majina ya mtandao, na karibuni kila simu itayatambua. Niliyasoma yote hayo. Niliyafahamu. Nikasema moyoni, itakuwa kheri, na nikaendelea kuuza.

Niliuzaje? Kwenye simu yangu nilitia ile programu. Mteja akija namwonyesha: jina hili, bonyeza, tovuti hii hapa. Akaona kwa macho yake. Kisha nikamchapia hati. Ndiyo, hati ileile! Nimemuuzia fulani jina hili la mtandaoni pamoja na mipaka yake yote, hana wa kumghasi milele. Nikaita mashahidi wawili. Karatasi nzito, nikaitia plastiki. Kwa sheha tu sikuwapeleka, na hilo peke yake lilitosha kuniambia nafanya nini. Nilijua sheha angeuliza mpaka uko wapi.

Aliuliza mwengine. Mwalimu wangu wa skuli, mstaafu, alinunua jina la ukoo wake ili wajukuu waandike historia yao. Kabla ya kutia saini akavua miwani, akasema, "Mwanangu, na mipaka ya kitu hichi iko wapi?"

"Mwalimu, mtandao hauna mipaka," nikamwambia, nikacheka. Akanitizama kidogo, akatia saini.

Nilivimba kichwa. Mlinipa ukatibu wakati ule, mnakumbuka, na humu ndani wapo niliowauzia. Msiinamishe macho. Wa kuinamisha ni mie.

Sasa nakuja kwa shangazi yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na shangazi ndiye aliyenilea, kule Chwaka. Ni mkulima wa mwani. Mikono yake mnaijua ilivyo mikono ya wanawake wa mwani, maji ya chumvi yameila. Yeye na wenzake walianzisha kikundi cha kutengeneza sabuni ya mwani, na sabuni yao nzuri. Nikawapelekea jina, wakalinunua. Nikawaambia wazungu wa mahoteli wataliona, watawaagiza kutoka kwao. Nikawachapia na karatasi za kufungia sabuni, jina hilo juu kwa herufi za kijani, mabunda kwa mabunda. Shangazi hati yake aliitia kwenye sanduku, pamoja na hati ya minazi ya babu yake.

Siku moja akanipigia simu. Alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa nje, kaipenda sabuni, kaichukua karatasi, kaandika jina kwenye simu yake mbele yao wote. Halikufunguka. Akajaribu tena. Wanawake kumi na kitu wamemzunguka wanasubiri simu iwaonyeshe picha zao.

"Mwanangu, tumeaibika," shangazi akasema. "Jina letu halimo."

"Limo, Shangazi. Mtandao wa huko shamba ndio mbovu."

"Mbona alikuwa akizungumza na watu wake kwa simu ileile?"

"Huo mwengine, Shangazi."

Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa ndefu, miezi mizima. Kila akinipigia nina sababu mpya. Mara mtambo unarekebishwa, mara simu ya mgeni ni ya kizamani. Na yeye kila mara akinijibu, "Haya mwanangu, wewe ndiye unayejua." Maneno hayo yalikuwa yakinichoma, lakini nayo niliyazoea.

Yule mfanyabiashara, maskini, alikuwa mtu mwema. Alipofika kwao akatafuta mpaka akapata programu ya kusomea majina ya namna hii. Si ile yangu, ya kampuni nyengine. Akaandika jina la kikundi, likafunguka. Kilichotokea ni picha ya dume la ng'ombe la dhahabu, na maneno ya kuwaita watu wanunue sarafu za mtandaoni wapate utajiri kwa wiki moja. Mtu mwengine, nchi nyengine, asiyejua hata Kiswahili, mashine yake ilizoa maneno ya lugha zote ikayafanya mikia, na nukta karafuu ikawemo, na kila jina la mkia huo likifungua tangazo lake. Mama yule akaipiga picha akawatumia: samahani, siwezi kufanya biashara na nyie.

Picha ile ilizunguka Chwaka nzima. Wanaume wakasema, kumbe sabuni ni kisingizio, hawa wameingia kwenye kamari. Wawili wakawatoa wake zao kwenye kikundi. Shangazi yangu, mwanamke aliyekuwa akiwekewa amana na jirani zake wote, akawa akipita watu wananyamaza.

Akaja Mlandege. Duka lina wateja. Nikamwamkia, "Shikamoo Shangazi." Akaitikia, "Marahaba." Akakaa kwenye benchi la mashahidi, akaitoa hati ndani ya kanga.

"Nisomee."

Shangazi anasoma msahafu vizuri, hizi herufi nyengine hazijui. Nikamsomea.

"Hapo pa mipaka, nisomee tena."

Nikasoma tena.

"Haya, nionyeshe mpaka."

Kopi zinatoka kwenye mashine, hapana aliyezichukua.

"Hauna, Shangazi," nikasema.

"Na huyu anayeuza sarafu kwa jina letu, kaingilia wapi?"

"Katengeneza mkia kama wangu. Inawezekana."

"Ulikuwa ukijua kama inawezekana?"

Wallahi nilitaka kusema sikujua. Ulimi ulikwisha kupanda. Nikamtizama mikono, nikasema, "Nilikuwa nikijua."

Hakupiga kelele. Mngemsikia pale mngedhani anaulizia bei ya karatasi. Akasema, "Yule aliyemuuzia baba yako kiwanja cha watu alikuwa mtu baki. Sisi katuuzia mtoto wetu." Kisha akasema, "Kaa uandike nyengine."

"Nyengine ipi?"

"Hati. Uandike kuwa uliuza usichokuwa nacho, na ulijua. Mashahidi hawa hapa." Akawaonyesha wateja wangu. "Kisha twende Chwaka ukaisome mbele ya wale wanawake na waume zao. Mie sina la kuwaambia tena, maneno yangu umeyamaliza."

Ndugu zangu, nimechapa hati nyingi maishani. Ile ilikuwa na mistari mitano, na iliniliza kila mstari. Wateja wawili wakatia saini, mmoja hata simjui. Tukaondoka. Kule nikasimama uani kwake nikaisoma. Mwanamme mmoja akasema, "Msomi huyo!" na watu wakacheka, na kicheko kile nakisikia mpaka leo. Lakini nilipomaliza, yule aliyekuwa wa kwanza kumtoa mkewe akaomba radhi kwa kikundi. Mie hakuniomba, wala sikustahiki.

Nikazunguka kwa wote niliowauzia, mmoja mmoja, na hati ya namna ile. Mwalimu wangu akaipokea, akasema, "Nilipokuuliza mpaka nilikwisha kujua. Nilinyamaza kwa sababu wewe mwanafunzi wangu." Mtanisamehe, nilimkasirikia kuliko nilivyojikasirikia nafsi yangu. Kama alijua, kwa nini hakuniumbua siku ileile?

Duka nimelifunga. Hapana anayempa kazi ya hati mtu wa namna yangu, na wana haki. Sasa nimeajiriwa kwa mtu, natoa kopi.

Nani wa kumshukuru? Wanawake wa Chwaka kwanza. Zile karatasi za sabuni hawakuwa na uwezo wa kuchapisha nyengine, kwa hivyo walikaa barazani kulifuta jina kwa kalamu nyeusi, moja moja. Nikaenda kila siku ya mapumziko nikakaa nao kufuta. Hapana aliyenisemesha. Lakini chai ilipomiminwa, kikombe changu kilijazwa kama vya wenzangu. Kwa kikombe kile nilipata kulala usingizi. Nawashukuru na nyie kwa kunisimamisha. Mngenionea haya mkaninyamazia kama mwalimu wangu, ningeuza tena kitu chengine.

Msije mkadhani mambo yameisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kikundi kinauza sabuni yake, inakwenda, alhamdulillahi. Shangazi nikimwamkia ananiitikia, nikimpelekea kitu anapokea, akiumwa ananiruhusu nimpeleke hospitali. Ile "mwanangu" tu ndiyo haipo tena. Nasubiri. Labda itarudi, labda nitaisubiri mpaka mmoja wetu atangulie.

La kukuambieni ni dogo. Akija mtu na kitu kipya, hasa akiwa mtu wenu, hasa akiwa mmemlea nyie wenyewe, mwambieni awaonyeshe mpaka. Akicheka, ondokeni. Na wewe unayejua kuwa hapana kitu, usinyamaze kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mtapiga kura baada yangu. Mkinirudisha, nirudisheni nikae kwenye viti vya nyuma niweke akiba yangu kama mwenzenu yeyote. Nimesikia wapo wanaosema nipewe tena ukatibu, ati hapana aandikaye kama mie. Nakuombeni msinipe. Naandika vizuri mno, na watu huniamini.