Jairus Osundwa na Picha Isiyo na Mdomo

Marehemu Jairus Osundwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 kijijini Musanda, kifungua mimba wa mzee Nehemiah, mkulima wa miwa, na mama Edah. Mimi ni Mitchel, dada yake. Nimeombwa nieleze maisha yake, na sehemu nyingine siielewi mpaka leo.

Alisoma Musanda, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2011. Baba alitaka awe mwalimu. Alisomea ualimu, akahitimu 2015, halafu akapanga chumba mtaani Shirere na kununua rangi. Tulichanganyikiwa.

Kila asubuhi alitega kengele ya simu nusu saa, akachora. Ikilia, aliweka brashi chini, hata kama uso haujapata jicho. Picha za kwanza zilikuwa vurugu tupu, nasema ukweli. Siku moja alimchora mama akichambua kunde, kengele ikalia kabla ya sikio la pili.

"Mtu anaachanga sikio?" mama aliuliza.

"Mama, hiyo nusu saa ndiyo inanifundisha kitu cha kuacha."

Mama alicheka. Mimi sikuona la kucheka. Lakini pole pole watu wa Shirere walianza kutambua picha zake hata bila jina: mistari michache minene, na mahali patupu ambapo macho yako yanamalizia yenyewe.

Mwaka wa 2019 alifunga ndoa na Nekoye kanisani Navakholo, wakajaliwa binti, Cindy.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2023. Hata siku za kusafishwa damu alichora kwa kidole kwenye simu. Alituacha tarehe 9 Mei 2025. Picha ya mwisho aliyojichora kwa rangi haina mdomo.

Juzi baba mdogo Elkanah, kwa nia njema, alileta mchoraji wa mabango aimalizie, maana aliona aibu kuweka mtu nusu kando ya jeneza. Mdomo ukawekwa, tena unatabasamu. Mama aliitazama sana.

"Huyu ni nani mmeniletea?"

Nekoye alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akaufuta ule mdomo kabla haujakauka. Cindy akachungulia, akasema, "Sasa huyo ni baba."

Ameacha wazazi, mjane, binti, baba mdogo na mimi. Picha iko hapa mbele yenu. Sijui imekwishaje bila mdomo, na ninaumia kwamba sikumuuliza, lakini tumeiacha alivyoiacha.

Kengele imelia, kaka. Weka brashi chini, upumzike kwa amani.